Mhuri wa Mhandisi Bundala

1

Mfumo ulimkatalia Sekela tena asubuhi ile, na ulimkatalia kwa adabu, jambo lililomchefua kuliko kama ungemtukana.

"Ombi lako la kuhamisha jukumu la Mwidhinishaji Mkuu halikupitishwa na mwenye jukumu. Tafadhali wasiliana na mwenye jukumu kwa ufafanuzi. Tunakutakia siku njema."

"Siku njema kamtakie mama yako," Sekela aliijibu skrini, kisha akakumbuka kwamba kama mfumo ule ulikuwa na mama, basi ni yeye. Alikuwa ameutunga mwenyewe, neno kwa neno, hata hiyo siku njema.

Mwenye jukumu aliyetakiwa awasiliane naye alikuwa Mhandisi Bundala. Na Mhandisi Bundala alikuwa kitandani katika hospitali ya rufaa tangu masika, baada ya mshipa kupasuka kichwani mwake akiwa anafunga kamba za viatu. Alipumua kwa msaada wa mashine. Hakufumbua macho, hakutikisa kidole. Ukimwita jina lake hakuitika. Lakini ukimsomea ombi la maji, aliidhinisha.

Najua hapo akili ya mtu wa kawaida inagoma, kwa hiyo tuelezane kidogo. Wembere ya miaka ile haikuwa tena mbuga ya magadi na ng'ombe waliokonda. Ilikuwa imejaa miji, na miji yote ilikunywa maji ya kale yaliyovutwa kutoka chini kabisa ya ardhi. Maji hayo yalipita katika lango moja tu, na lango hilo ndilo lililogawa: haya ya mashariki, haya ya magharibi. Aliyelishika lango alishika koo za watu. Ndiyo maana Mamlaka ya Maji iliweka kanuni kwamba hakuna tone litakalohama bila watu watatu, mmoja aombe, wa pili ahakiki, wa tatu aidhinishe.

Kanuni nzuri, lakini watu ni watu. Enzi za nywila, mkuu wa idara alimpa nywila yake katibu muhtasi, katibu akampa mwenzake wakati wa likizo ya uzazi, na mwenzake akaibandika pembeni ya meza ili asiisahau. "Niidhinishie tu, niko njiani," ndiyo ilikuwa sala ya ofisi. Mpaka siku dawa kali ya kuoshea mabomba ilipoidhinishwa kuingia kwenye maji ya kunywa, na aliyeidhinisha, kwa jina lake kamili na cheo chake, wakati huohuo alikuwa mkoa mwingine akicheza muziki kwenye harusi ya mpwa wake. Watu walizikwa. Hakuna aliyesahau.

Ndipo ilipokuja mihuri. Mhuri ulikuwa kidude kisichozidi punje ya mtama, kilichopandikizwa nyuma ya sikio. Mtu alisomewa ombi, na mhuri ulinasa uamuzi kwenye ubongo wake kabla haujafika ulimini. Huwezi kumwazima mtu mhuri. Huwezi kuubandika pembeni ya meza. Na aliyepewa kazi ya kupanga nani awe na mhuri gani, nani aombe, nani ahakiki, na nani asiguse kabisa, alikuwa Sekela Mwambungu, Mlezi wa Majukumu.

Aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu aliyeona makaburi. Alizuia mtu kuidhinisha ombi lake mwenyewe. Alizuia jukumu la Mwidhinishaji Mkuu lisihamishwe na yeyote ila mwenyewe kwa ridhaa yake, ili asije mkubwa fulani akamng'oa mwaminifu na kumweka shemeji yake. Na alifuta kabisa neno kaimu. Mamlaka ile iliwahi kuwa na kaimu mkurugenzi aliyekaimu mpaka akastaafu, akila kila kitu cha mkurugenzi isipokuwa lawama. "Kwenye mfumo wangu hakuna kukaimu," Sekela alisema siku ile ukumbini, na watu wakapiga makofi.

Sasa yale yale aliyopigiwa makofi ndiyo yaliyomkaba. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

2

Mkurugenzi Mkuu Chediel Mshana alimpokea akiwa amesimama, ishara kwamba hakutaka maneno marefu.

"Dada Sekela, karibu. Ni lile lile?"

"Ni lile lile, Mkurugenzi."

"Amekataa tena?"

"Mfumo unasema halikupitishwa."

"Basi Mhandisi hataki kutuacha," Mshana alisema, akakoroga chai yake ya tangawizi kwa upole wa mtu aliyeko msibani. "Tumheshimu."

Sekela alisogea mezani. "Mkurugenzi, huyu ni mgonjwa asiyejua kama yupo. Mama Mbuke ameomba mashine izimwe, maana ndivyo walivyokubaliana na mumewe wakiwa wazima. Daktari Kihwelo ameridhia. Kinachozuia ni sheria. Mtu mwenye mhuri wa huduma ya uhai, kama maji, hazimiwi mashine mpaka mhuri utolewe. Mhuri hautolewi mpaka yeye mwenyewe aridhie kuachia jukumu. Na yeye mwenyewe ndiye huyo asiyejua kama yupo. Tunamzungusha marehemu kama mtu aliyekuja kufuatilia pensheni!"

"Si marehemu."

"Ndiyo hilo ninalolalamikia."

Mshana aliweka kijiko mezani. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda vitu visivyombishia. "Sikiliza. Tukiutoa ule mhuri leo, lango linabaki lilipo. Halifunguki, halifungiki, mpaka mrithi ateuliwe, apandikizwe, na mhuri wake ukolee kwenye ubongo. Unajua unachukua muda gani kukolea. Na hiki ni kiangazi. Tuvumilie mpaka mvua zianze."

"Mrithi ni nani?"

"Mchakato unaendelea."

"Unaendelea wapi, Mkurugenzi? Mimi ndiye ninayeandikisha majina. Sijaletewa hata moja."

Mshana alitazama dirishani. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiambia mwenyewe. "Nimefanya kazi na Bundala miaka mingi. Kila nilichoomba kilirudi na maswali. Matengenezo gani? Kwa nini leo? Kwa nini mashariki tu? Kichwa kilikuwa kinaniuma. Tangu alale, hajanirudishia ombi hata moja. Ukiliandika kwa maneno aliyoyazoea, linapita. Kazi inakwenda." Halafu alijishtukia. "Si kwamba nafurahi. Ila kama una haraka sana, njia ipo. Nirudishie lile neno lako la kaimu. Nitaomba na kuidhinisha mwenyewe kwa muda mfupi, na mzee wa watu atapumzika."

Kwa muda mfupi. Sekela aliyasikia makofi ya ukumbini yakigeuka zomeo. Mtu mmoja, koo za watu wote, na sababu ya huruma mkononi. Hata angekuwa malaika, asingempa. Na kulikuwa na njia ya pili ambayo Mshana hakuijua, na Sekela alimshukuru Mungu kwa hilo: angeweza kuchukua ndiyo mojawapo ya zamani ya Bundala, iliyohifadhiwa kwenye mfumo, na kuibandika juu ya ombi la kuhamisha. Lakini ndiyo ikishabandikika mara moja, ndiyo ya kila mtu inabandikika, na tumerudi kwenye karatasi pembeni ya meza.

"Hapana," alisema.

"Basi tuvumilie," Mshana akasema, akaketi. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

3

Mama Mbuke Nkuba alikuwa anampaka mumewe mafuta ya mgando miguuni. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu, na hata akiwa ameinama hivyo mgongo wake ulikuwa na kitu cha mahakama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na habari au umekuja na pole?"

"Pole tu, Mama."

"Zimejaa kabatini." Mbuke alifunika kopo la mafuta. "Kaa."

Hakukuwa na kiti kingine, kwa hiyo Sekela aliketi ukingoni mwa kitanda. Kipaza sauti kilichofungwa kando ya mto kililia mlio mfupi, na sauti ya mfumo, sauti laini ya kike ambayo Sekela aliichagua mwenyewe kati ya nyingi, ilisema karibu kabisa na sikio la mgonjwa:

"Ombi. Punguza lango la mashariki kwa robo. Sababu, matengenezo ya kawaida. Mwombaji, Mkurugenzi Mkuu. Limehakikiwa."

Uso wa Bundala haukubadilika hata kidogo. Taa ndogo juu ya kipaza sauti iliwaka kijani.

"Limeidhinishwa," sauti ilisema. "Asante, Mhandisi."

Sekela alijua ratiba ya matengenezo. Hakukuwa na matengenezo yoyote mashariki. Alichokijua ni kwamba magharibi kulikuwa na mashamba makubwa yaliyokuwa yakilalamika kiangazi kizima. Bundala mzima angeuliza, matengenezo gani, na ombi lingerudi kwa Mshana likiwa limenuna. Bundala huyu alisikia maneno aliyoyaidhinisha mara elfu, na ubongo wake ukaitika kama mguu unavyoruka ukigongwa goti.

"Kinamsomea mabomba mchana kutwa," Mbuke alisema. "Mimi nimemwita kwa jina lake. Nimemwita kwa jina la utani ambalo hata wewe sikuambii. Nimemuuliza, Bundala, umechoka? Nimemuuliza, nikuache uende? Kimya. Kile kidude kikisema lango, anajibu. Nimezeeka naye, mwanangu, na neno lake la mwisho linakwenda kwa mabomba." Sauti yake ilikatika, naye akaikasirikia kwa kukatika. "Niambie. Hilo ombi lako la kumtoa, lililokataliwa. Alilikataaje?"

"Mfumo unasema halikupitishwa."

"Sikuulizi mfumo unasema nini. Nimekuuliza yeye alisema nini. Alisema hapana?"

"Ni kitu kilekile, Mama."

"Si kitu kilekile." Mbuke alivaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, na Sekela akajikuta ameketi wima. "Mahakamani kwangu, nikiletewa kesi ya ndugu yangu, sisemi ana hatia wala sisemi hana. Nasema najitoa, faili liende kwa hakimu mwingine. Karani mvivu akimwambia mlalamikaji kwamba kesi yako imekataliwa, amemdanganya. Haikukataliwa. Haikuguswa. Sasa huyu mume wangu namjua. Hata kabla ya mihuri yenu, alikataa kuidhinisha bomba la kwenda mtaani kwetu kwa sababu mimi ningelitumia. Tulichota maji kwa jirani mwaka mzima kwa ajili ya uaminifu wake, nusura nimwache. Leo umemletea ombi linalomhusu yeye mwenyewe, mwili wake na cheo chake. Unadhani angesema ndiyo? Unadhani angesema hapana?"

Sekela alifungua kompyuta yake mapajani.

Majibu ya mhuri yalikuwa matatu. Ndiyo, hapana, na najitoa. La tatu lilikuwa wazo la Bundala mwenyewe, enzi mfumo unajengwa. "Weka na nafasi ya mtu kujitoa," alimwambia. "Kuna siku atatokea mwaminifu." Sekela alicheka, akaiweka. Lakini katika miaka yote ya mfumo hakuna mtumishi hata mmoja aliyewahi kujitoa katika ombi lolote, hata yale ya nyumba za shemeji zao, kwa hiyo hakujisumbua kulitengenezea jibu hilo ujumbe wake. Alilitupa kapu moja na hapana, chini ya maneno halikupitishwa. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa na njaa, na nani angejitoa?

Alichimba chini ya ule ujumbe wa adabu, akafika kwenye alama zenyewe za mhuri. Ombi la kwanza la kuhamisha: najitoa. La pili: najitoa. La asubuhi ile: najitoa. Mgonjwa asiyejua kama yupo alikuwa amesomewa ombi la kufunguliwa kwake mwenyewe, na kila mara alikuwa ametoka nje ya chumba ili wengine waamue.

"Mungu wangu," Sekela alisema. "Nimemzuia miye. Hakuna aliyemzuia. Ni mimi."

"Ndiyo," Mbuke alijibu, wala hakumpa pole.

Daktari Kihwelo, aliyekuwa ameingia kuangalia mashine, alisikiliza maelezo yao huku akijikuna kidevu. "Msilijengee sana," alisema taratibu. "Hiyo si dhamiri. Ni mazoea tu yaliyobaki kwenye ubongo."

"Na uaminifu ni nini, Daktari, kama si mazoea?" Mbuke alimuuliza. Daktari akaandika joto la mgonjwa na kusema atakuwa nje wakimhitaji.

4

Mtu akidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, basi hajawahi kufanya kazi na mfumo.

Sekela alilitoa kwanza jibu la tatu kwenye kapu la hapana. Kwa kanuni, Mwidhinishaji Mkuu akijitoa, ombi huenda kwa Mlezi wa Majukumu. Yaani kwa Sekela. Lakini aliyeleta ombi alikuwa Sekela huyohuyo, na aombaye haidhinishi. Mfumo ungelimeza ombi lake na kumtakia siku njema mpaka kiama. Alihitajika mwombaji mwingine.

"Nitakuwa mimi," Mbuke alisema. "Nani mwingine?"

"Inabidi nikuandikishe, Mama."

"Andikisha."

Jina likakubali. Jukumu, Mwombaji, ombi moja tu, likakubali. Idara: Sekela aliandika Familia, na mfumo ukasema hakuna idara hiyo. Akaandika Nyingine. Hakuna idara hiyo. Akachagua Matengenezo, akiomba radhi kwa sauti ya chini. Kisha mfumo ukataka msimamizi wa karibu.

"Msimamizi wangu ni Mungu," Mbuke alisema.

"Hayumo, Mama." Sekela aliandika jina lake mwenyewe. Mfumo ukapiga mlio: Mlezi wa Majukumu hawezi kuidhinisha ombi la aliye chini yake. Alitamani kuitupa ile kompyuta dirishani. Alikuwa amejenga nyumba, akaipigilia misumari yote, akasahau kujiachia mlango. Akimweka Mshana, Mshana atapata taarifa na kulizuia ombi. Alibaki mtu mmoja tu kwenye orodha ya mfumo ambaye alikuwa hai, ana cheo, na hatalizuia.

"Mama," alisema, "itabidi nikuweke chini ya Mhandisi."

Mbuke alimtazama mumewe. Kisha akacheka, cheko la kweli lililomtikisa mabega, akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Maisha yangu yote ya ndoa nimekataa kuwa chini yake," alisema. "Haya, niweke. Amesubiri sana."

Mfumo ukampokea. Karibu, Mbuke Nkuba. Una ruhusa ya kuwasilisha ombi moja.

Mbuke aliwasilisha. Kipaza sauti kililia, na sauti ile laini ikasema sikioni mwa Bundala: "Ombi. Ondoa mhuri wa Mwidhinishaji Mkuu. Sababu, mwenye jukumu apumzike. Mwombaji, Mbuke Nkuba."

Walisubiri. Mashine ilivuta pumzi, ikashusha. Ilichukua muda kuliko maombi ya mabomba, au labda ilionekana hivyo kwa sababu walikuwa wanatazama. Mbuke aliinama mpaka paji la uso wake likagusa bega la mumewe.

Taa haikuwaka kijani wala nyekundu. Kwenye kompyuta ya Sekela, chini kabisa, neno lilitokea: najitoa. Na ombi likahamia kwake.

Kilichofuata kwenye skrini alikifahamu kwa moyo, maana alikiandika yeye. Je, una uhusiano au maslahi yoyote na mtu anayehusika katika ombi hili? Ndiyo. Hapana.

Baba yake alifariki Sekela akiwa bado chuoni. Wakati washenga wa mume wake walipokuja, aliyeketi kwenye mkeka wa baba alikuwa Bundala, akawahoji wageni wale kama wakandarasi waliochelewesha bomba, mpaka mmoja akaomba maji. Bundala ndiye aliyemleta kazini. Bundala ndiye aliyekuwa akimwita binti yangu mbele za watu na kumkosoa bila huruma wakiwa peke yao. Kama lile swali lilikuwa na jibu la kweli hapa duniani, jibu lilikuwa ndiyo.

Na ndiyo ingelifunga ombi. Juu ya Mlezi hakukuwa na mtu mwingine wa kulipeleka. Bundala angeendelea kusomewa mabomba mpaka Mshana achoke kumwomba, na Mshana asingechoka.

Mtumishi mwingine yeyote wa Mamlaka angebanwa hapo hapo, maana mhuri wake ungenasa ukweli kabla hajaamua kuuficha. Sekela hakuwa na mhuri. Siku za kupandikizana alisema Mlezi lazima abaki nje ya mfumo ili aweze kuurekebisha, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipanga, hakuna aliyembishia. Katika Mamlaka nzima, mtu pekee aliyeweza kuudanganya mfumo alikuwa yule aliyewazuia wengine wasiudanganye. Alikuwa hajawahi kuliona hilo kuwa ni aibu mpaka dakika ile.

Bundala, akili yote imezimika, ameshindwa kuvunja kanuni ile. Yeye mwenye akili zake timamu alikuwa anaivunja, na kwa ajili ya huyohuyo. Alijua pia kwamba lango lingegota pale lilipo, mashariki ikiwa imepunguzwa robo tangu asubuhi, na kwamba huko mashariki ndiko alikokuwa anakaa yeye na majirani ambao wangempangia foleni ya ndoo na laana. Alikasirika. Alimkasirikia Mshana, akamkasirikia Bundala kwa uaminifu wake usiojua kulala, akajikasirikia zaidi yeye mwenyewe, kwa Ijumaa ile ya njaa na uvivu.

"Mama, usiangalie," alisema.

Mbuke alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, miwani puani. "Nimekuwa hakimu, mwanangu. Kuangalia ndiyo kazi niliyoifanya."

Sekela alibonyeza Hapana. Kisha akabonyeza Idhinisha.

Kile kipaza sauti kilikaa kimya. Ile taa ndogo ilizimika, na kwa mara ya kwanza tangu masika Bundala alikuwa mgonjwa tu kama wagonjwa wengine. Daktari Kihwelo aliingia, akasoma skrini, akaisoma tena. Alimtazama Mbuke, naye Mbuke akaitikia kwa kichwa. Mashine ikazimwa. Bundala alivuta pumzi chache za kwake mwenyewe, za juu juu, mkewe akiwa amemshika mkono na kumwita lile jina ambalo Sekela hakutakiwa kulisikia. Halafu hakuvuta tena.

Simu ya Sekela ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Aliiacha mpaka ikakatika, ikaanza tena, akapokea.

"Sekela, umefanya nini?" Mshana hakuongeza dada. "Lango halimsikii mtu! Mashariki watakunywa nini mpaka mrithi apatikane?"

"Watakunywa robo tatu, Mkurugenzi, kwa ombi ulilolituma leo. Niletee jina la mrithi. Niletee leo."

"Nani ameidhinisha huyu atolewe?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe aliyekuozesha yeye? Nilikuwa ukumbini siku ya harusi yako, Sekela. Mfumo ulikuuliza una maslahi, ukajibu nini?"

Sekela alikata simu. Akairudisha mfukoni.

"Watakuuliza," Mbuke alisema, bila kugeuka.

"Wataniuliza, Mama."

"Na mimi wataniita. Nikiapa huwa sisemi uongo. Nitasema nilikuona ukibonyeza hapana."

"Sema, Mama."

"Nitasema." Mbuke alilaza mkono wa mumewe kifuani, akausawazisha, kisha akamsogelea Sekela na kumvuta kwa kiwiko mpaka mwisho wa kitanda, kwenye ile miguu iliyokuwa bado ina joto na inateleza kwa mafuta. "Haya, shika mguu wa baba yako, tumnyooshe kabla hajakakamaa."

Sekela aliushika.